Kwa Nini DNA Hudumu na RNA Huvunjika: Ushahidi wa Pango la Makangale, Pemba

Ukimwuliza mwanafunzi wa kidato cha nne akutajie tofauti za DNA na RNA, atajibu bila kusita: DNA ina nyuzi mbili na RNA aghalabu ina uzi mmoja, sukari ya DNA ni deoksiribosi na ya RNA ni ribosi, DNA ina thaimini na RNA ina urasili. Jibu hilo ni sahihi, na mtahini atalipa alama zote. Hata hivyo, halielezi tofauti hizo zina kazi gani. Katika makala haya tutalitazama swali hilo kwa kupitia mifupa ya watu wa kale iliyofukuliwa katika pango la Makangale, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba.

Mwaka 2017 jarida la kisayansi liitwalo Cell lilichapisha utafiti wa Pontus Skoglund, David Reich na wenzao wengi kuhusu DNA ya watu 16 wa kale wa Afrika. Wawili kati yao walitoka Makangale. Mmoja aliishi yapata miaka 1400 iliyopita, na wa pili yapata miaka 600 iliyopita. Pemba ni kisiwa cha joto na mvua nyingi, na kila mkaaji wake anajua jinsi mbao, nguo na karatasi zinavyooza upesi. Imekuwaje basi maandishi yaliyomo ndani ya mfupa yasomeke baada ya karne 14?

Tuanze na muundo wenyewe. Asidi zote mbili ni minyororo mirefu, na kila pingili ya mnyororo ina sehemu tatu: fosfati, sukari na besi. Fosfati na sukari hupokezana kufanya uti wa uzi, na besi huchomoza pembeni. Katika DNA nyuzi mbili hujiviringa pamoja, mithili ya kamba ya makumbi ya nazi iliyosokotwa kwa nyuzi mbili. Besi za uzi mmoja hushikana na besi za uzi wa pili: adenini (A) na thaimini (T) kwa vifungo viwili vya haidrojeni, guanini (G) na sitosini (C) kwa vifungo vitatu. Umbo hilo lilielezwa na James Watson na Francis Crick mwaka 1953, kwa msaada mkubwa wa picha za mionzi ya eksirei zilizotoka katika maabara ya Rosalind Franklin. Mwalimu asiache kumtaja bibi huyo, kwani vitabu vingi vya zamani vilimsahau.

Sasa tuitazame sukari. Ribosi na deoksiribosi zote zina atomi tano za kaboni, nazo hutofautiana katika kaboni ya pili tu. Pale ribosi ina kikundi cha oksijeni na haidrojeni (OH), ilhali deoksiribosi ina haidrojeni peke yake (H). Ni tofauti ya atomi moja ya oksijeni. Lakini kikundi hicho cha OH kimekaa jirani kabisa na fosfati inayounganisha pingili moja na inayofuata. Kikipoteza haidrojeni yake, oksijeni inayobaki huishambulia fosfati hiyo na kuukata mnyororo. Kwa maneno mengine, RNA hubeba kisu cha kujikatia katika kila pingili yake. Ndiyo maana ukiiweka RNA katika maji yenye alikali huvunjika vipande vipande, ilhali DNA katika hali hiyo hiyo huachana nyuzi zake mbili tu, na kila uzi hubaki mzima.

Udhaifu huo una manufaa yake. Seli hutumia RNA ya ujumbe kupeleka maagizo ya kutengeneza protini, na agizo lililokwisha kutumika halina budi kuondolewa. Zaidi ya hayo, vimeng'enya vinavyokata RNA vimeenea kila mahali, hata juu ya vidole vyetu. Mara chache RNA ya kale imepatikana: mwaka 2019 watafiti waliripoti RNA ya mtoto wa mbwa mwitu aliyekufa miaka 14,300 iliyopita, lakini mnyama huyo alihifadhiwa na barafu ya Siberia. Pemba haina barafu.

Isidhaniwe kuwa DNA haiharibiki. Besi za A na G hudondoka polepole kutoka katika sukari zao, na mahali palipopungukiwa na besi uzi hukatika kwa urahisi. Joto huharakisha jambo hilo. Kwa sababu hiyo DNA ya binadamu, ambayo ina jozi za besi zipatazo bilioni 3, hupatikana katika mifupa ya kale ikiwa vipande vifupi, vingi vikiwa na herufi zisizofika 100.

Tumebakiwa na tofauti ya thaimini na urasili, nayo kwa maoni yangu ndiyo tamu kuliko zote. Thaimini ni urasili iliyoongezewa kikundi kidogo cha methili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu. Kwa nini seli igharimike kuongeza kikundi hicho? Jibu limo katika sitosini. Besi hiyo, ikiguswa na maji, mara kwa mara hupoteza kikundi chake cha amini, na mara moja hugeuka kuwa urasili. Kama urasili ingekuwa herufi halali ya DNA, seli isingeweza kutambua ipi ni ya asili na ipi ni sitosini iliyoharibika. Kwa kuwa DNA hutumia thaimini, kila urasili inayoonekana humo ni mgeni. Kimeng'enya cha kumwondoa mgeni huyo kilielezwa na Tomas Lindahl mwaka 1974, naye alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015 kwa kazi ya namna hiyo.

Mtu akifa, ukarabati hukoma. Urasili hurundikana katika DNA ya mfupa, hasa kwenye ncha za vipande, na mashine za maabara huisoma kana kwamba ni T. Kosa hilo limekuwa muhuri wa ukale. DNA ya mchimbaji aliyeushika mfupa kwa mkono mtupu haina alama hiyo kwa wingi, kwa hiyo watafiti huweza kuitenga DNA ya marehemu na ya mgeni.

Na mifupa ya Makangale ilisema nini? Mtu wa miaka 1400 iliyopita alikuwa na nasaba ya wawindaji na wakusanyaji wa kale wa Afrika Mashariki, yenye uhusiano pia na watu wa kale wa kusini mwa Afrika, ingawa wakati huo wakulima na wahunzi walikwisha kufika pwani yetu. Mtu wa miaka 600 iliyopita alikuwa na nasaba inayofanana na ya wasemaji wa lugha za Kibantu wa leo. Watu wawili hawatoshi kuandika historia ya kisiwa kizima, na kila sampuli inayochukuliwa hula sehemu ya mfupa usioweza kurudishwa. Mwanafunzi atakayekuta mifupa pangoni aiache ilipo na kutoa habari kwa wahusika wa mambo ya kale.

Zoezi: Kipande cha DNA ya kale kilikuwa na herufi C A G T C katika uzi mmoja. Sitosini ya kwanza imepoteza kikundi chake cha amini. (a) Andika herufi zilizomo sasa. (b) Andika herufi zitakazosomwa na mashine. (c) Eleza kimeng'enya cha Lindahl kingefanya nini laiti mtu huyo angalikuwa hai, na jinsi uzi wa pili ungalivyosaidia kurudisha herufi iliyopotea.