Somo la Mwezi: Kazi ya Kutafiti Simba na Fisi Huanzia Bomani

Msimu wa kuchagua kozi unapowadia, wazazi wengi hapa Kajiado huwaelekeza watoto wao kwenye ualimu, uuguzi au uhandisi. Biolojia ya wanyamapori huachiwa wageni wenye darubini. Ilhali sensa ya kitaifa ya mwaka 2021 ilihesabu simba 2,589 pekee nchini, na wa Amboseli hutoka mbugani usiku na kupita karibu na mbuzi wetu. Kazi hii inamhitaji mtu anayejua uchungu wa kupoteza mbuzi.

Chukua mfano wa shambulio la usiku. Kunapambazuka, kondoo watatu wamekufa, na boma zima linasema ni simba. Mtafiti huanza na ardhi. Unyayo wa fisi huwa na alama za kucha. Wa simba na chui kwa kawaida hauna, kwani wao hurudisha kucha ndani wanapotembea. (Duma ni jamii ya paka, lakini kucha zake huonekana. Hapo wengi huteleza.) Kisha mzoga: je, meno yaliingia kooni au mapajani? Mifupa imepondwa? Jibu likikosewa, simba asiyehusika huwekewa sumu, na tai wanaotua kwenye mzoga hufa pia. Hata dai la fidia chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013 huhitaji kutaja mnyama aliyeshambulia.

Kijana aliyechunga mifugo anayajua mengi ya haya. Asichokuwa nacho ni hesabu na maandishi. Watafiti Pennycuick na Rudnai walichapisha mwaka 1970 njia ya kumtambua simba mmoja mmoja kwa mpangilio wa vitone vilivyo juu ya sharubu zake. Rudnai alikuwa akiwafuatilia simba wa Mbuga ya Nairobi, jirani zetu. Njia hiyo inatumika hadi leo, na kinachohitajika ni picha nzuri, daftari na subira.

Lion Guardians, shirika lililoanzishwa hapa mwaka 2007, liliajiri morani kuwafuatilia simba. Wengi hawakuwa wamesoma. Walifundishwa kuandika na kutumia GPS, nao wakawaonyesha watafiti namna ya kufuata nyayo. Kwa maoni yetu, mafunzo ya aina hii yanastahili heshima sawa na shahada.

Anayetaka shahada aipe Biolojia na Hisabati uzito tangu sekondari. Takwimu ndizo huwashinda wengi chuoni. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kozi ya usimamizi na uhifadhi wa wanyamapori. Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, Naivasha, hutoa cheti na diploma. Ajira ziko KWS, katika taasisi hiyo, kwenye hifadhi za jamii na mashirika, ingawa nyingi za mashirika ni za kandarasi na hutegemea wafadhili. Mzazi alijue hilo kabla ya kulipa karo.

Wakati wa kusubiri matokeo, anza daftari: tarehe, mahali, mnyama aliyeonekana au nyayo zake, mifugo iliyoshambuliwa, na boma lilikuwa la miiba au la waya. Andika pia usiku ambao hakuna kilichotokea. Ukienda kuomba nafasi ya mafunzo ya kazini, libebe pamoja na vyeti vyako.