Mtoto Amelazwa: Wewe Mlezi Utakula Nini, na Pesa Itakufikisha Siku ya Ngapi?

Mtoto akilazwa, simu haziishi. Daktari amesema nini? Dawa zimepatikana? Homa imeshuka? Ni wachache sana wanaouliza: na wewe mama, umekula? Na wewe baba, tangu jana umetia nini tumboni?

Wazazi wengi hujiambia kimoyomoyo, "Acha nivumilie, hii pesa ni ya mtoto." Siku ya kwanza inapita. Kufikia siku ya tatu kichwa kinagonga, daktari anaeleza jinsi ya kumpa mtoto dawa, na maneno yanakupita tu. Mama anayenyonyesha ndiye huumia zaidi, maana mwili wake unahitaji chakula na maji kuliko kawaida. Kwa hivyo tuanze na jambo hili: chakula chako wewe unayemlinda mtoto ni sehemu ya gharama ya matibabu. Kipangie pesa yake siku ya kwanza, usingoje mabaki.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kununua

Ukishaonyeshwa kitanda, muulize sista wa wodi maswali manne:

- Je, mlezi hupewa chakula hapa, au ni mgonjwa peke yake? Kuna wodi ambazo mama anayenyonyesha huhesabiwa.
- Maji ya moto na maji safi ya kunywa yanapatikana wapi?
- Saa za kuona wagonjwa ni zipi? Hizo ndizo saa ambazo jamaa ataingia na chakula.
- Mtoto anaruhusiwa kula nini? Kama anasubiri kuingia thieta au amewekewa chakula maalum, hata biskuti moja inaweza kuchelewesha matibabu. Usimwonjeshe chakula chako bila kuuliza.

Na usichanganye mambo: SHA inahusika na matibabu ya mtoto. Chai yako ya pale langoni ni ya mfuko wako.

Hatua ya 2: Gawa pesa kwa siku

Tuseme mama ametoka Kitui na mtoto mwenye nimonia, wakatumwa hospitali ya rufaa Nairobi. Familia imechanga shilingi 3,000 na daktari amesema huenda wakakaa siku 5.

Kwanza aweke kando nauli ya kurudi nyumbani, tuseme 800. Halafu nepi, sabuni na vitu vidogo vya mtoto, 700. Inabaki 1,500. Ukigawa kwa siku 5 ni 300 kwa siku. Lakini asitumie yote. Siku 5 za hospitali hugeuka 7 kwa urahisi, kwa hivyo apange kula kwa 200:

- Asubuhi: uji 20, mandazi mbili 20. Jumla 40.
- Mchana: chapati mbili 40, madondo 50. Jumla 90.
- Jioni: chai 25, yai la kuchemsha 25, ndizi mbili 20. Jumla 70.

Bei za kibanda cha kwenu zinaweza kuwa tofauti. Badilisha namba, lakini mpango ubaki huo. Mlo mzito uwe mchana, wakati vibanda vina chakula kipya na cha moto. Kama unanyonyesha, usijibane kwenye 200. Ongeza kikombe cha uji au maziwa kutoka kwa ile 100 ya akiba.

Mambo mengine yanayosaidia:

- Jamaa akiuliza akuletee nini, usiseme "chochote." Utaletewa soda na krispsi. Mwambie viazi vitamu, nduma, chapati, mayai ya kuchemsha yakiwa na maganda, karanga, ndizi na thamosi ya chai.
- Githeri, maharagwe ya mchuzi na nyama vile wakati vimeletwa. Wodi haina friji yako. Chakula cha mchana kikilala hadi kesho, utaishia wewe pia kwa daktari.
- Changeni na mama wa kitanda cha pili. Mkate mmoja na avokado mbili vinatosha watu watatu asubuhi, na kila mmoja anatoa kidogo.
- Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumshika mtoto.

Hatua ya 3: Ada isile kabla yako

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimyakimya. Ada ya kutoa pesa kwa wakala huenda kwa viwango, na mara nyingi kutoa 200 na kutoa 2,000 huangukia kiwango kimoja. Tuseme ni shilingi 29. Yule mama wetu akitoa 200 kila asubuhi kwa siku 7, atakatwa 203. Hicho ni chakula cha siku nzima, na hajakionja.

Afanye hivi badala yake:

- Anunue pale penye nambari ya till. Mnunuzi akilipa kwa till hakatwi ada. Akituma kwa nambari ya simu ya muuzaji, huenda akakatwa ada ya kutuma.
- Atoe pesa taslimu mara moja tu, kiasi kidogo cha wale wasio na till. Noti nyingi chini ya mto wa wodi si salama.
- Kabla ya kutoa, aangalie jedwali la ada kwenye simu.
- Asilipie chai kwa mkopo wa simu. Chai ya 25 ikiongezewa ada za mkopo si chai ya 25 tena.

Hatua ya 4: Walio nyumbani watume kwa njia moja

Watu kumi wakituma kila mmoja kivyake, kuna ada nyingi na hakuna anayejua jumla. Chagueni mweka hazina mmoja, shangazi au mjomba mnayemwamini. Yeye apokee michango, aandike, kisha atume kwa mkupuo kila baada ya siku tatu.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawajaijaribu. Elewana na mama wa kibanda karibu na lango, kisha umpe mweka hazina nambari yake ya till. Yeye alipe, tuseme, 600 akiwa huko huko nyumbani. Wewe na mama wa kibanda muandike kwenye daftari kila unapokula, hadi 600 iishe. Huna haja ya kutoa pesa, na hata siku dawa ikikuvuruga bajeti, chakula chako kimeshalipiwa. Kabla ya kulipa, mweka hazina athibitishe jina linalotokea kwenye simu ni la biashara hiyo.

Hatua ya 5: Matapeli wanajua uko na wasiwasi

Ujumbe unaosema "mtoto anahitaji dawa sasa hivi, tuma 1,500 kwa nambari hii" unaweza kukufikia wewe au jamaa zako. Usitume. Nenda dawati la wauguzi uulize. Bili ya hospitali ilipwe kwa nambari rasmi iliyobandikwa kwenye dirisha la malipo, na uitishe risiti. Usilipe kwa simu ya mtu binafsi.

Ukipeleka simu kuchajiwa, ifunge kwanza. Mtu akijitolea kukutolea pesa kwa wakala, mshukuru, lakini PIN yako usimpe, hata kama mmelala wodi moja wiki nzima. Sisi pia hatutawahi kukupigia kuuliza PIN.

Zoezi la leo

Chukua simu yako, fungua taarifa ya wiki iliyopita. Hesabu umetoa pesa kwa wakala mara ngapi, na ada zote zimefika ngapi. Halafu gawanya kwa bei ya sahani moja ya chakula pale unaponunua. Hizo ndizo sahani ulizolipia bila kula.

Na kama unamjua mtu aliye wodini leo na mtoto, ukimaliza kuuliza hali ya mgonjwa, muulize na hili: "Wewe umekula?" Akisita kujibu, omba till ya mama wa kibanda.