Barabara ya Machimbo: Yapishe Maji Kwanza

Vijiji vingi vya milimani vina machimbo ya mawe na kokoto. Lori hupanda tupu, hushuka limejaa. Barabara yake imekatwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ni genge, upande wa pili ni bonde. Na bondeni mara nyingi kuna nyumba na mashamba yetu. Kwa hiyo barabara hii si ya mwenye machimbo peke yake.

Masika ya mwaka 2016 nilikuwa utingo wa lori la mawe. Asubuhi moja tuliona ufa ukingoni, upande wa bonde. Ulikuwa mwembamba, kidole hakipiti. Msimamizi akasema, "Fukieni, twende kazi." Tukafukia kwa majembe, ukawa hauonekani. Siku ya tatu mvua ilinyesha usiku kucha. Alfajiri tukakuta nusu ya barabara iko bondeni, juu ya migomba ya mama mmoja.

Wengi walisema ni uzito wa lori. Lakini usiku ule lori halikuwapo! Ni maji.

Tupige hesabu. Barabara yenye upana wa mita 5 na urefu wa mita 200 ina eneo la mita za mraba 1,000. Ikinyesha mvua ya milimita 50, barabara hiyo hupokea lita 50,000. Hayo ni mapipa 250 ya lita 200, na uzito wake ni tani 50. Bado hatujahesabu maji yanayotoka mlimani juu.

Maji yakikosa njia huingia ardhini. Udongo ulioshiba maji huwa mzito, tena haushikani. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Lile lilikuwa jambo kubwa kuliko barabara yetu, lakini maji na mteremko hufanya kazi ileile.

Basi tufanyeje? Anza juu, si barabarani. Juu ya genge chimba mfereji wa kukinga maji, uyapeleke pembeni kabla hayajafika. Kisha ilaze barabara kidogo kuelekea mlimani, sentimita 3 kwa kila mita moja. Barabara ya mita 5 itakuwa chini kwa sentimita 15 upande wa mlima. Pima kwa mpira wa maji, ule wa fundi mwashi. Hapo maji hayatamwagikia bondeni, na lori likiteleza litaelekea mlimani.

Chini ya genge weka mtaro. Penye mteremko mkali panga mawe ndani yake hapa na pale, maji yapunguze mbio. Yavushe kwa kalvati mara kwa mara, yasijikusanye mengi mahali pamoja. Mdomo wa kalvati utandikwe mawe, wala usielekezwe shambani kwa mtu. Kalvati iliyoziba ni sawa na hakuna. Izibuliwe kabla ya masika, na tena baada ya kila mvua kubwa.

Ati wengine huchimba mguu wa genge ili kupanua barabara. Ndugu, mguu huo ndio unaolishikilia genge! Wengine hurundika kifusi ukingoni upande wa bonde. Kifusi hakijashindiliwa, ndicho huondoka kwanza.

Na ule ufa? Kuuziba kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa si vibaya, maji yasiingie. Kosa letu lilikuwa kuusahau. Pigilia kigingi kila upande wa ufa. Pima kati ya vigingi kila asubuhi na jioni, uandike daftarini. Nafasi ikiongezeka, lori lisipite, na waliopo chini waambiwe wahame mara moja. Ukiona miti imeanza kuinama, au maji ya matope yanatoka mahali palipokuwa pakavu, usisubiri kupima.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

Barabara ya machimbo yenu inamwaga maji wapi, na nani anaishi chini yake?

Barabara ina upana wa mita 6 na urefu wa mita 300. Mvua ni milimita 40. Je, ni mapipa mangapi ya lita 200?