Nilivyosoma Jiografia kwa Posta, na Mto Ukanisahihisha

Kila mwaka wanafunzi wa Kidato cha Nne hunijia na swali lile lile: "Mwalimu, nikikosa nafasi ya chuo, naweza kusoma nikiwa nyumbani?" Naam, yawezekana, tena si jambo geni. Chuo Kikuu cha London kiliwafungulia mitihani yake watu wasiokaa darasani tangu mwaka wa 1858. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya posta mwaka wa 1967 kwa ajili ya walimu wa shule za msingi, mengine yakisikika redioni, na mwaka wa 1986 kikaanza kutoa shahada ya ualimu kwa wanafunzi wa nje. Jirani zetu Tanzania walitunga sheria ya Chuo Kikuu Huria mwaka wa 1992. Sisi tukapata Chuo Kikuu Huria cha Kenya mwaka wa 2023. Milango ipo. Ninalotaka kueleza ni yale yanayompata mtu akishaingia, hasa akichagua jiografia ya maumbile, yaani somo la miamba, mito, udongo na mvua.

Mimi niliingia mwaka wa 1997. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga chumba kimoja cha mabati Kawangware, si mbali na kituo cha matatu za namba 46. Chuo, ambacho sitakitaja jina, kilinitumia vijitabu vinne na orodha ya kazi za kuandika. Kazi ukiituma leo, hurudi baada ya wiki sita, kama itarudi. Jamani, hapo ndipo shida ilipo. Darasani ukikosea, mwenzako anacheka, mwalimu anakurekebisha, yameisha. Katika masomo ya mbali unakaa na kosa lako wiki sita, unalala nalo, unajenga somo la pili juu yake.

Langu lilikuwa la kontua. Mnajua kontua ni mstari wa ramani unaounganisha mahali palipo na kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Mstari huo ukivuka bonde la mto hupinda kama herufi V. Sasa swali: ncha ya V inaelekea mto unakotoka au unakokwenda? Mimi nilishikilia kwamba inaelekea unakokwenda, kwa sababu ilinikumbusha mshale. Nikajibu maswali sita kwa imani hiyo, nikayatia katika bahasha, nikalipa stempu.

Baadaye nilinunua ramani ya Nairobi, ile ambayo sentimita mbili ni kilomita moja. Nikautafuta Mto Nairobi karibu na kwetu. Kwa hesabu yangu ya mshale, ulikuwa unapanda kwenda Kikuyu! Sikuamini. Jioni nikateremka hadi mtoni, nikasimama darajani na gunzi la hindi nililokuwa nimetoka kulila, nikalitupa majini. Gunzi likashika njia ya mjini. Nilirudi nyumbani taratibu. Mto hauwezi kukosea.

Sababu yake ni hii. Sakafu ya bonde iko chini kuliko kingo zake. Ukitembea ukingoni bila kupanda wala kushuka, ukafika kwenye bonde, itakubidi ufuate bonde kwenda juu, kuelekea chanzo, mpaka upate mahali ambapo sakafu imefikia kimo chako. Hapo ndipo utakapovuka na kurudi upande wa pili. Ncha basi huelekea chanzo. Asiyeamini akunje ngumi, aiweke mezani vifundo vikiwa juu, achore kwa wino mistari ya kimo kimoja kuvizunguka, kisha anyooshe mkono. Nimewafanyia wengi wenu jambo hili darasani, na wengine mmekwenda nyumbani na mikono michafu.

Tangu siku hiyo nikaweka sharti: sifungi ukurasa kabla sijauona kwa macho. Ikawa mtaa ndio maabara. Kijitabu kilipozungumza juu ya volkano, nilikwenda kuyatazama mawe ya kijivu ya kujengea, ambayo mengi ni majivu ya volkano yaliyoshikamana zamani. Kilipofika kwenye udongo, nilichota ule mwekundu wa Kawangware, kisha nikapanda basi hadi Embakasi nikachota ule mweusi, ambao ukilowa hung'ang'ania viatu na ukikauka hupasuka. Hata mteremko nilianza kuuhisi miguuni. Upande wa Kikuyu ni yapata mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, uwanja wa ndege wa Embakasi ni kama mita 1,620. Jiji zima limelala kama paa lililoinama kuelekea mashariki.

Kisha ikaja kazi ya vitendo: pima mto mmoja kwa wiki nne. Niliuchagua Motoine, ambao watu wengi huuita Mto Ngong. Huanzia upande wa Dagoretti, hupitia Msitu wa Ngong Road, huingia Kibera, na kumwagika katika bwawa lililojengwa mwaka wa 1953. Mtaa ulio karibu na bwawa huitwa Silanga, na silanga ni bwawa. Hapo aliishi mama yangu mdogo, muuza mboga, mlango wake ukiwa hatua kumi na tano kutoka majini. Mimi nilikuwa kazini mchana, yeye alikuwapo. Nilisimika mti kando ya mto, nikautia alama kila sentimita kumi, nikamwomba ausome asubuhi na jioni.

"Hii shule yako ni ya ajabu, baba," akaniambia. "Wewe unasoma, mimi ndiye ninayefanya kazi." Lakini alikubali, akaandika vipimo katika daftari lake la madeni, katikati ya majina ya watu waliokopa sukuma wiki.

Kupima maji yenyewe si mchezo mgumu. Nilipima mita kumi za ukingo kwa kamba, nikatupa gunzi, nikahesabu sekunde 25. Hiyo ni mita 0.4 kwa sekunde. Upana ulikuwa mita tatu, kina sentimita 20. Ukizidisha vyote unapata lita 240 kwa sekunde. Lakini maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo unachukua sehemu nane kati ya kumi: lita 190 hivi. Mvua niliipima kwa kopo la Kimbo lililo wazi, na rula. Nililiweka Kawangware, kwa kuwa Dagoretti ni jirani na aghalabu mvua yetu ni moja. Kumbe ikinyesha kwetu alasiri, jioni mti wa Silanga husema. Msituni mvua hunywewa na udongo na mizizi. Mtaani hupiga mabati, huanguka kwenye ardhi iliyokanyagwa ikawa kama saruji, na yote hukimbilia mtoni kwa pamoja.

Jambo jingine nililiona kwenye vichaka. Mifuko ya plastiki na majani makavu vilikuwa vimenasa juu, kama mita moja na nusu kutoka majini. Kijitabu kilisema mstari wa takataka ni saini ya mafuriko yaliyopita. Nikaazima kwa fundi mmoja mpira wa maji, ule mwangavu wa kupimia usawa wa msingi wa nyumba, tukaunyoosha kutoka kichakani hadi kizingitini kwa mama mdogo. Kizingiti kilikuwa chini ya ile mifuko kwa shibiri mbili.

Nilimwambia ahame. Alinitazama kwa huruma. "Huko juu Makina kodi ni mara mbili. Hiyo mboga nitamuuzia nani?" Sikuwa na jibu, na kijitabu pia hakikuwa nalo. Tukakubaliana neno moja: maji yakifika alama ya saba, awatoe watoto, vyombo baadaye.

Mvua za El Niño zilianza Oktoba 1997, zikaendelea hadi mwaka uliofuata. Usiku mmoja wa Novemba mti ulifika saba. Mama mdogo aliwapeleka wanawe watatu kwa jirani aliyeishi karibu na reli, palipoinuka, akarudi kuchukua jiko, akaona afadhali asiingie. Asubuhi ukuta wa mbele ulikuwa umelala. Unga, kitanda na mizani vilikwenda na maji. Motoine huingia Mto Nairobi, kisha Athi, ambao mbele huitwa Galana, na mwisho Sabaki; majira ya mvua bahari ya Malindi hugeuka rangi ya kahawia kwa udongo wa huku bara. Mizani nayo sijui iliishia wapi.

Daftari lilipona kwa kuwa alilifunga kiunoni pamoja na pesa. Ukurasa wa mwisho ameandika: "Saa tano usiku. Alama 7. Natoka." Niliinakili hivyo hivyo, nikaituma. Kazi ilirudi Februari ikiwa na alama nzuri, na pembeni msahihishaji ameuliza kwa wino mwekundu kwa nini vipimo ni vya siku 19 badala ya 28. Nilimjibu kwa barua kamili ya kurasa mbili.

Mama mdogo alihamia Makina. Aprili na Mei 2024, serikali ilipowaamuru wakaao ndani ya mita 30 kutoka mito wahame, alinipigia simu kuniuliza kama bado ninao ule mpira wa fundi, maana ana jirani wa zamani kule Silanga anayetaka kupimiwa. Tulikwenda Jumamosi. Daftari ninalo, atakaye kuliona anipate chumba cha walimu siku ya Alhamisi, baada ya mkutano wa chama.