Siku tatu Bukoba na watoto: usiiache afya nyumbani

Kila likizo ya Juni inapokaribia, wazazi wengi wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Isingiro huulizwa na watoto wao swali lile lile: "Tutakwenda lini kuona ziwa?" Si kila familia ya Karagwe na Kyerwa ina uwezo wa kwenda Dar es Salaam au Zanzibar, lakini Bukoba ni mji unaofikika, na mwenye ndugu pale Hamugembe au Kashai hata gharama ya kulala humpungukia. Leo, inshaallah, tutazungumzia namna ya kuipanga safari hiyo ili familia itembee, ione, na irudi nyumbani salama.

Nianze na jambo lililonifundisha mimi mwenyewe. Mwaka mmoja tulikwenda Bukoba siku tatu, tukafurahi, tukarudi. Siku ya kumi na moja baada ya kurudi, mtoto wetu wa miaka minne akaanza homa na kukataa chakula. Tukasema ni mafua ya baridi ya huku kwetu, tukampa dawa ya kushusha homa kutoka duka la dawa. Siku ya tatu akaanza kulegea. Zahanati walipompima wakakuta malaria, tena tulikuwa tumechelewa. Alhamdulillah alipona, lakini daktari alituuliza swali ambalo hatukuwa tumejiuliza: "Mlisafiri wapi wiki mbili zilizopita?"

Sababu ya swali hilo ni kwamba vimelea vya malaria huchukua kwa kawaida siku saba hadi wiki mbili au zaidi tangu mtu aumwe na mbu hadi homa ianze. Kwa hiyo ugonjwa wa safari hujitokeza wakati mabegi yameshafunguliwa na safari imesahaulika. Baadhi ya vijiji vyetu viko juu ya vilima, kwenye baridi na mbu wachache, na mtoto aliyekulia huko hana kinga kama ya mtoto wa mwambao aliyezoea kuumwa. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Bukoba uko ukingoni mwake, wenye joto na mvua nyingi. Chukua chandarua chenye dawa kutoka nyumbani. Usimtegemee mwenyeji, kwani mwenyeji mwenye chandarua kimoja atakupa wewe, kisha watoto wake walale bila. Mama mjamzito ndiye wa kwanza kulala ndani ya chandarua, na mtoto mdogo alale naye.

Njiani

Kutoka Kayanga hadi Bukoba ni zaidi ya kilometa 100. Unapita Bugene, unashuka kwa lami hadi Kyaka, kisha unafuata barabara inayotoka Mutukula. Wa Kyerwa huanza na kipande chao kwanza, kwa hiyo wao waondoke alfajiri baada ya swala ili wasiingie mjini jua likizama na watoto wakilia njaa. Mchomoko huwahi, lakini gari dogo lililobebeshwa watu wanne kiti cha nyuma na mtoto juu ya mapaja si usafiri wa familia. Subiri basi au Costa, kila mtu akae kwenye kiti chake.

Kona za vilima hutapisha watoto. Wazazi wengi humpakia mtoto tumbo tupu wakidhani ndiyo dawa. Tumbo tupu huongeza kichefuchefu. Mpe chakula chepesi kama saa moja kabla, kama ndizi au mkate mkavu, si maziwa mengi wala maandazi yenye mafuta. Mkalishe mbele, atazame mbali barabarani, asiinamie simu. Chai ya tangawizi huwasaidia baadhi. Dawa ya promethazini ambayo watu hununua kwa ajili ya safari haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, maana inaweza kumzuia kupumua.

Kwa akina mama na mabinti nina neno. Wengi wao hawanywi maji tangu asubuhi ili wasitafute choo njiani. Mkojo unaobanwa saa nyingi huku mwili umekauka ni njia mojawapo ya kupata maambukizi ya njia ya mkojo. Baba wa familia, zungumza na dereva kabla ya kuondoka mkubaliane pa kusimama. Kyaka panafaa. Watoto watajinyoosha, na unaweza kuwaonyesha daraja na kuwaeleza kwamba mwezi Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalililipua daraja la hapo. Beba chupa ya maji ya kujisafishia na kipande cha sabuni. Sisi Waislamu tunastanji kwa maji na hilo ni jema sana, lakini mkono uliotumika bado unahitaji sabuni. Maji peke yake hayaondoi vijidudu vyote. Ni hapo hapo, kutoka chooni kwenda kwenye mfuko wa karanga, ndipo kuhara kwa safari kunapoanzia.

Mjini: panga machache

Kosa kubwa la ziara za familia ni kutaka kuona kila kitu. Mtoto wa miaka mitano ana saa mbili au tatu nzuri asubuhi, kisha anataka chakula na usingizi. Kwa hiyo weka jambo moja asubuhi na jambo jingine jepesi baada ya Alasiri, na katikati iwe Adhuhuri, chakula na kupumzika. Hukumu za kupunguza na kukusanya swala kwa msafiri mwulize sheikh wako kabla ya kuondoka, usizitafute stendi.

Siku ya kwanza tembeeni mjini kwa miguu. Bukoba ilianzishwa mwaka 1890 na Emin Pasha akiwa katika utumishi wa Wajerumani, na nyumba chache za zama zile bado zinatajwa, ikiwamo Duka Kubwa. Sokoni mtaona kahawa, samaki, na kama ni msimu wake, senene. Siku ya pili, kwa wenye watoto wa shule ya msingi, nenda Katuruka, upande wa Maruku. Huko wataalamu wa mambo ya kale walifukua mabaki ya ufuaji chuma wa miaka zaidi ya 2,000. Mtoto wa Karagwe atafurahi zaidi akikumbushwa kwamba ufalme wa kwao, wenye makao Bweranyange, nao ulisifika kwa vitu vya chuma, na kwamba Speke na Grant walipokelewa na Mfalme Rumanyika mwaka 1861. Hayo ndiyo matembezi: mtoto anaunganisha anachokiona na kwao.

Kwa usafiri wa ndani, familia ipande bajaji. Najua bodaboda ni rahisi, lakini baba, mama na watoto wawili kwenye pikipiki moja ni hatari iliyozoeleka tu. Mbali na ajali, bomba la moshi huunguza miguu ya watoto kila siku. Akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Mapango na popo

Hapa naomba tuelewane vizuri, maana sitaki mtu aogope mji wa watu. Machi 2023 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg katika wilaya ya Bukoba vijijini. Wagonjwa 9 walihesabiwa na 6 walifariki, na mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 2 Juni 2023. Januari 2025 ukatokea tena mkoani humu, Biharamulo, wagonjwa 10 na wote walifariki; ukatangazwa kuisha tarehe 13 Machi 2025. Mlipuko ukishaisha, hakuna sababu ya kufuta safari. Lakini virusi vyake hukaa kwa popo wanaokula matunda, wanaoishi kwa makundi mapangoni na kwenye migodi. Mkoa wetu una mapango na miamba mingi, na vijana hupenda kuingia. Tazameni michoro ya kale kwa nje. Pango lenye harufu na kinyesi cha popo msiingie, na tunda lililoguguniwa msile. Ikiwa siku za safari kuna tangazo la mlipuko, basi mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kuhusu tauni yanajulikana: asiyekuwamo asiingie, aliyemo asitoke.

Ziwa lenyewe

Tumefika kwenye jambo ambalo watoto waliliombea safari. Kichocho kiko Ziwa Victoria. Konokono wadogo wa majini hutoa vijidudu visivyoonekana kwa macho, hasa mchana wa jua, navyo hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda ndani ya dakika chache. Si lazima mtu anywe maji wala aogelee. Kusimama majini hadi magotini kunatosha, na kutawadha ukingoni kunatosha pia. Nimewaona wazee wa heshima wakiingia ziwani kutawadha kwa sababu maji ni mengi na ni tohara. Tohara ni kweli ni tohara, lakini tohara ya kisheria na usalama wa kiafya ni mambo mawili. Tawadha kwa maji ya bomba. Ikibidi kutumia ya ziwa, yachemshwe, au yakae kwenye chombo kisicho na konokono kwa siku mbili, kwani vijidudu hivyo hufa visipopata mtu ndani ya muda huo.

Penye majani na maji yaliyotulia ndipo pabaya zaidi. Mchanga mweupe unaopigwa na mawimbi una hatari ndogo, ila usidanganywe kwamba hauna hatari. Ushauri wangu ni watoto wacheze mchangani, waangalie boti, wale samaki wa moto aliyekaangwa mbele yao (kachumbari iacheni), na maji wayaone kwa macho. Najua wengine hawatanisikia. Basi aliyeingia aandike tarehe, na baada ya wiki sita hadi nane akapime. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na inatibu. Asiyetibiwa huweza kukaa miaka mingi hadi ini livimbe na kutapika damu.

Mtoto mwenye selimundu asiingie kwenye maji baridi kabisa. Baridi, uchovu na kiu ni miongoni mwa vitu vinavyomwamshia maumivu ya mifupa. Mpe maji kila mara, beba sweta la jioni kwa ajili ya upepo wa ziwa, na dawa zake ziwe kwenye mkoba wa mama, si kwenye begi la juu ya gari.

Mkitaka kwenda kisiwa cha Musira kinachoonekana kutoka ufukweni, nendeni asubuhi kabla upepo haujaongezeka. Jaketi la kuokolea lazima livaliwe, na la mtoto liwe la kipimo cha mtoto. Kama mwenye boti hana, baki nchi kavu hata watoto wakilia. Watu wa mkoa huu hatuhitaji kuelezwa habari za MV Bukoba ya Mei 21, 1996. Wenye kuendelea hadi Mwanza kwa barabara, tangu Juni 2025 wanavuka Busisi hadi Kigongo kwa daraja la kilometa tatu hivi, bila kusubiri kivuko.

Mkoba wa dawa usiwe mkubwa: dawa ya homa, pakiti nne za ORS, vidonge vya zinki, sabuni, kipande cha bendeji. Pakiti moja ya ORS huchanganywa na lita moja ya maji safi. Ikikosekana, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe juu, katika lita hiyo hiyo. Mtoto anayehara huku hakojoi, au macho yameingia ndani, apelekwe hospitali usiku huo huo.

Mkirudi nyumbani, weka alama kwenye kalenda kuanzia siku mliyotoka Bukoba hadi mwezi mmoja mbele. Homa yoyote ndani ya siku hizo ipelekwe kupimwa siku ile ile, na neno la kwanza kumwambia mhudumu liwe, "Tulikuwa ziwani."