Uyoga, Bomba na Boksi: Niliyojifunza Kuhusu Hewa ya IST

Toyota IST ya lita 1.5 imejaa kila mtaa wa Dar es Salaam, na vijana wengi wanaoimiliki hufika siku wakataka kuifungulia pumzi. Kwenye maduka ya spea utaonyeshwa vitu vya aina tatu: filta bapa inayoingia kwenye boksi lilelile la eakilina, "uyoga" unaofungwa kwenye bomba fupi chini ya boneti, na bomba refu linaloshuka hadi nyuma ya bampa kutafuta hewa ya baridi. Zote nimeziendesha, nyingine kwenye IST yangu, nyingine kwenye magari ya jamaa, kidude cha kusomea kontroboksi kikiwa kimechomekwa.

1. Uliza hewa inatoka wapi kabla hujauliza kampuni.

Mabishano ya vijiweni huwa ni HKS au K&N, Apexi au Simota. Mimi siku hizi naangalia kwanza mdomo wa filta umekaa wapi. Uyoga uliokaa wazi pembeni ya injini unavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na rejeta. Foleni ya Ubungo, mchana, nje kuna nyuzi 32, kidude kilinionyesha hewa inayoingia imepita 60. Hapo hesabu haina huruma: hewa ikipanda joto kwa nyuzi 30 namna hiyo, uzito wake kwa kila lita hupungua karibu asilimia 9, na oksijeni ya kuchomea mafuta hupungua nayo. Umelipa ili upate nguvu, ukapunguziwa. Gari likishika kasi joto hushuka, ni kweli, lakini barabara zetu kasi hiyo hutoa kwa kudonoa.

2. Boksi la kiwandani tayari linatafuta hewa ya baridi.

Lina pua inayochukua hewa mbele, na kuta zinazolitenga na joto la injini. Vile vichumba vya plastiki vinavyoonekana havina kazi vipo kuua mlio. Ndiyo maana filta bapa mpya ndani ya boksi zima ilishinda uyoga kila tulipokuwa mjini.

3. Mlio haupandi mlima.

"Bosi, sikia hiyo!" fundi aliniambia akikanyaga mafuta, na mimi nilitabasamu kama mtoto. Uyoga unanguruma vizuri, sikatai, na anayenunua mngurumo apewe mngurumo wake. Ila injini hii ina takriban farasi 110, na ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta kama lita 4,500 za hewa. Filta ya karatasi iliyo safi inapitisha kiasi hicho bila shida kubwa, kwa hiyo kilichobaki cha kuokoa ni farasi wachache sana, tena juu kabisa kwenye mizunguko ambayo wengi hatufiki. Ukipanda Kitonga kuelekea Iringa utaelewa: kwenye mwinuko wa mita 1,600 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, na hakuna filta duniani inayorudisha hiyo.

4. Pima kipenyo cha bomba.

Hapa ndipo seti za bei ya chini zinapoumbuka. Sensa ya hewa ya IST ni waya wa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kontroboksi inakadiria kiasi cha hewa kwa kuamini kwamba njia ina upana uleule wa kiwandani. Ihamishe sensa hiyo kutoka njia ya milimita 60 kwenda bomba la 70, na nafasi ya kupita imeongezeka asilimia 36 bila kontroboksi kuambiwa. Inatoa petroli ya hewa ndogo wakati imeingia hewa kubwa, kisha inahangaika kusahihisha kwa sensa ya oksijeni. Ikishindwa, taa ya injini inawaka na kidude kinasoma P0171, yaani mchanganyiko una petroli pungufu. Kuna seti moja ya kuiga tuliyoifunga kwa jamaa ikatoa kodi hiyo siku ileile. Fundi mmoja akataka kubadilisha pampu ya petroli!

5. Vumbi ndilo mwamuzi.

Pamba yenye oili hupitisha hewa vizuri na huoshwa ikarudi kazini, ila oili ikizidi inaweza kwenda kuganda kwenye waya wa sensa. Sponji nayo husafishika. Wavu wa chuma unapendeza, lakini kwa rafu rodi zetu siutaki, kwa sababu vumbi la mchanga likipita linakwangua silinda na pete za pistoni. Karatasi haisifiwi na mtu, na inakamata vumbi vizuri mno. Kipimo changu ni kitambaa cheupe: baada ya wiki chache za vumbi, fungua bomba upande wa ndani wa filta, pangusa. Kikitoka na rangi ya udongo, filta hiyo ishushe, hata iwe ya kampuni gani.

6. Bomba refu na masika havipatani.

Ndilo lililokuwa na hewa ya baridi kuliko yote. Lakini mdomo wake uko chini, na Jangwani ikijaa maji huyavuta hadi ndani ya silinda, ambako pistoni haiwezi kuyabana. Konrodi ndiyo inayopinda.

7. Usinunue kwa ajili ya kuokoa petroli.

Ukiendesha taratibu, kinachobana hewa ni kile kilango unachokifungua kwa mguu. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima mwaka 2009 hata filta zilizoziba, na kwa magari ya kisasa yenye kontroboksi ulaji wa petroli haukubadilika kwa maana yoyote; kilichodorora ni mwondoko. Fedha ya uyoga inanunua filta kadhaa za karatasi, plagi mpya, na kopo la dawa ya kusafishia sensa.

8. Boksi la zamani usimwachie fundi.

Mnunuzi wa gari lako ataliulizia.