Mji Unapangwa kwa Ajili ya Nani?

Ramani ya mji huamua nani ataishi wapi. Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kituo cha reli. Wakoloni waliigawa kwa rangi: Wazungu magharibi, Wahindi maeneo kama Parklands na Ngara, Waafrika mashariki, karibu na reli na viwanda. Makao mengi ya Waafrika yalikuwa vyumba vya wanaume vibarua. Mke na watoto walitarajiwa kubaki kijijini. Baada ya uhuru, mipaka ya rangi iligeuka kuwa mipaka ya kipato.

Wakaazi wa Mosocho, mji wa Kisii unapopanuka kuja kwetu, tuulize mapema: Je, soko lina choo na taa kwa mama anayefunga kibanda jioni? Anayetembea kwa miguu ametengewa njia? Kibarua atamudu kodi ya nyumba?

Ibara ya 196 ya Katiba ya 2010 inalitaka bunge la kaunti kushirikisha umma. Mpango wa matumizi ya ardhi ukitangazwa, fika kikaoni, tazama ramani, toa maoni kabla haujapitishwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.